Mpambe Hapandi Mlima

Jumatatu, tarehe 2 Machi

...na ndiyo maana nasema tena, kosa si la Mpambe. Gari lililombeba bibi harusi halifanyi makusudi. Amechoka tu. Nani hakuchoka siku ile? Mimi mwenyewe nilirudi nimeshika viatu mkononi.

Mpambe ndilo jina nililompa gari la mume wangu. (Mume wangu! Naandika tena, kwa sababu kalamu imefurahi: mume wangu.) Ni kigari kidogo cheupe cha dizeli, kifupi mbele, kifupi nyuma, kama kipande cha sabuni chenye magurudumu. Ndani yake ndimo nilimofundishwa kuendesha, kwenye uwanja wa mpira, enzi za uchumba. Nilimpenda mwalimu wangu nikiwa gia ya pili. Gia ya tatu nilikuwa nimeshakubali posa.

Siku ya harusi wifi yangu, dada yake mkubwa mume wangu, alimpamba Mpambe kwa mikono yake. Tepe za waridi milangoni, maua ya kitambaa juu, na mbele neti nyeupe ndefu, imeanguka kutoka kwenye boneti hadi kwenye namba ya gari, kama shela. Nikamwapisha mume wangu pale pale: mapambo haya hayafunguliwi na mkono wowote ila wake, tukishamaliza safari yetu ya kwanza ya wawili. Akaapa. Akanibusu kiganja.

Kisha pikapu ya kambi ikaja kumchukua kabla hatujasafiri hata hadi dukani. Yeye ni mtunza stoo kwenye kambi ya ujenzi wa bwawa, juu kabisa mlimani. Bwawa halina habari na harusi za watu.

Basi mapambo bado yapo. Nikienda sokoni watu wanapiga vigelegele. Muuza nyanya amenipa hongera mara tatu. Sikatai.

Wageni wanaruhusiwa kambini Jumamosi ya kwanza na ya mwisho ya mwezi, mpaka saa sita mchana. Jumamosi ya kwanza ni hii inayokuja! Nitapanda mlima kwa Mpambe, geti litafunguliwa, atafungua tepe moja moja, nami nitahesabu vidole vyake.

Leo nimekwenda kufanya mazoezi ya mlima. Barabara tambarare, sina neno. Mwanzo wa mwinuko, nikakanyaga mafuta. Kelele zikaja. Mwendo haukuja. Nikakanyaga hadi chini. Mpambe akafikiri. Akafikiri tena. Nyuma ukatoka moshi mweusi kama wa tanuri la matofali. Mtu wa baiskeli akanipita. Alikuwa ameshuka, anaisukuma.

Nikageuza.

Jioni nimekaa dirishani. Kule juu kuna mnara wenye taa nyekundu, inawaka, inazima. Mume wangu yuko chini ya taa ile. Nimeipungia mkono. Mama mkwe akauliza nampungia nani. Nikasema nafukuza mbu.


Jumanne, tarehe 3 Machi

Nimemwita Fundi Uhakika. Ni rafiki wa mume wangu, alikuwa msimamizi wake kwenye harusi. Wanamwita hivyo kwa sababu hana sentensi isiyoishia na neno hilo. Kavaa ovaroli lenye mfuko uliochanika, na penseli anaitia sikioni ingawa sijawahi kumwona akiandika.

Akasikiliza injini. Akafumba macho. Akasema, shemeji, hili gari halivuti kwa sababu turbo inachelewa, uhakika. Nikamwomba anieleze kama mtu aliyeishia sekondari. Akasema turbo ni kifeni kidogo kinachozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nacho kinaisukumia injini hewa. Injini ikipata hewa ya kutosha, dizeli inaungua vizuri na gari linachanganya. Isipopata, dizeli inatoka moshi mweusi na gari linakwenda kama mtu aliyeamshwa asubuhi.

Nimeelewa vizuri sana. Hewa na dizeli ni mume na mke! Mmoja akiwa mbali, mwingine anabaki kutoa moshi. Nikamwambia fundi. Akaniangalia kidogo, kisha akaomba spana.

Akataka kuitoa neti ili aone mbele vizuri. Nikasimama katikati yake na gari. Nikamweleza kiapo. Akainua mikono kama aliyeelekezewa bunduki, akaisukuma neti pembeni kama pazia la mgahawa, akafungua boneti. Akabadilisha filta ya dizeli. Akasema sasa litaruka, shemeji, hadi utalikamata mkia, uhakika.

Halikuruka. Nilifika pale pale nilipofika jana, nikapitwa na yule yule wa baiskeli. Safari hii alinisalimia.

Jambo jingine. Neti imepungua! Upande wa kushoto ilikuwa inafika kwenye namba ya gari. Leo imeishia juu ya taa. Nimeipima kwa mkono. Nani anaikata?

Wifi alipita hapa mchana. Alisema amekuja kumsalimia mama. Alikaa uani muda mrefu, karibu na gari.

Wifi anafuga vifaranga. Vifaranga hufunikwa neti.

Sisemi kitu. Naandika tu.


Jumatano, tarehe 4 Machi

Fundi anabahatisha. Nimeamua kumtibu Mpambe mwenyewe. Mapenzi ni nini kama hujachafuka mikono?

Nimekumbuka fundi alivyosema kuna mpira mnene unaotoa hewa kwenye turbo na kuipeleka kwenye injini, na ukipasuka hewa inavuja. Dawa ya kujua pa kuvuja ni povu la sabuni: unapaka, unawasha gari, panapochemka mapovu ndipo palipotoboka. Rahisi!

Nimechukua sabuni ya vyombo ya mama mkwe. Chupa nzima, ili nisikose. Nikakoroga kwenye ndoo, nikapaka, nikawasha. Mapovu yakatoka hapa. Na pale. Na kwenye betri. Na kwenye tangi la maji ya kufutia kioo, ambalo halihusiani. Mpambe mzima alikuwa anachemka mapovu kama mtoto anayeogeshwa. Mama mkwe akatoka na sahani zake chafu, akatazama, akauliza kwa upole ataoshea nini.

Nikachagua povu kubwa kuliko yote. Likawa kwenye maungio ya mpira. Nikayakaza kwa kuyafunga na soksi yangu ndefu ya harusi, ile nyeupe yenye nakshi. Niliona ni jambo zuri, soksi yangu ikimsaidia anipeleke kwake. Nikafunga mafundo mawili.

Hakuna aliyeniambia mpira ule unapata moto.

Harufu ilifika hadi msikitini na kurudi. Jirani alizima jiko lake mara mbili. Na katikati ya harufu hiyo simu ikalia, ni yeye! Mtandao wa kambini hupatikana mahali pamoja tu, juu ya pipa tupu nyuma ya stoo, kwa hiyo mume wangu hunipenda akiwa amesimama juu ya pipa. Akauliza mbona nakohoa. Nikasema moshi. Akauliza nini kinaungua. Nikasema mimi, kwa ajili yako. Akacheka, ule mcheko wake unaoanzia puani. Akaanza kusema kitu, akasema mke wangu, nataka kukuambia kuhusu hizo... na mtandao ukakatika.

Kuhusu hizo nini? Ndoto zake? Siku anazolala peke yake? Nimepiga mpaka simu ikapata joto. Hapatikani.

Nimesikiliza ujumbe wake wa sauti wa juzi. Una maneno matatu na upepo mwingi. Maneno yenyewe ni msalimie mama, umeshakula? Nimeusikiliza mpaka nimeujua hata upepo, wapi unapanda na wapi unashuka.

Neti imepungua tena.


Alhamisi, tarehe 5 Machi

Siku mbaya. Siku mbaya kabisa!

Fundi Uhakika alirudi asubuhi. Akaikuta soksi, au kilichobaki. Akavua kofia. Kisha akaendesha Mpambe mwenyewe hadi mwanzo wa mlima, nikiwa pembeni, na moshi ukatoka mpaka gari la nyuma likawasha taa. Akasimamisha. Akasema shemeji, nisikufiche, turbo imekufa, uhakika. Inabidi aing'oe aipeleke kwa mtu wake, itarudi Jumanne.

Jumanne! Nikamwambia Jumamosi inakuja kabla ya Jumanne. Akasema hilo hata yeye analijua. Nikamwambia asiguse kitu mpaka nifikirie. Akaondoka akinung'unika kwamba alimwonya bwana harusi asioe mtu aliyesoma mashairi.

Sikuwahi kusoma mashairi. Niliyaandika.

Mchana akaja wifi. Akanikuta nimekaa kwenye kiti cha dereva, gari limezimwa, nimeshika usukani kwa sababu na yeye huushika. Akaniambia niache kujitesa. Jumamosi kuna pikapu ya kambi, inabeba ndugu wa wafanyakazi kutoka ofisi ya mradi, bure, unakaa, unafika, unamwona mumeo. Yeye mwenyewe atapanda hiyo. Tukae wote, tuzungumze njiani.

Nikamwambia mimi si mzigo. Nilitoka kwetu kwa Mpambe, nitafika kwake kwa Mpambe, na mapambo yote. Akauliza mapambo yanapanda mlima? Na hapo, sijui, labda ni njaa, nikamwambia kwamba mapambo yangebaki mengi zaidi kama kuna watu wasingeyakata kwenda kufunikia vifaranga.

Mama mkwe jikoni aliacha kugonga sufuria.

Wifi akaweka mkono kiunoni. Akasema, neti? Mimi? Akasema, bibi harusi, nisikilize, vifaranga wangu wanalala kwenye boksi lenye taa, wana joto, hawahitaji shela, hakuna hata mmoja aliyeposwa! Akasema neti ile aliinunua yeye, akaifunga yeye, akachomwa na pini ya maua mpaka akatoka damu, na leo anaitwa mwizi kwenye nyumba aliyozaliwa. Akasema kesho asubuhi anakuja kuitafuta neti hiyo hata kama iko tumboni mwa mtu.

Akaondoka. Akarudi kuchukua mkoba. Akaondoka tena.

Mama mkwe akaniletea kipande cha keki anitulize. Nilikula huku nalia, ndipo nikagundua ni keki ya harusi! Ile ya juu kabisa niliyoiweka kwenye friji kwa ajili ya mume wangu! Nimekwenda kuitazama. Imebaki nusu. Mama akasema alikuwa anaionja kila siku, ahakikishe haijaharibika. Mama yangu mkwe ana roho nzuri sana. Angekuwa wifi ningejua ni wizi.

Mnara unawaka, unazima. Leo sikuupungia. Niliutazama tu, nikaona kila ukizima nashika pumzi.


Ijumaa, tarehe 6 Machi

Acha niandike haraka, kalamu imefurahi tena!

Wifi alikuja mapema, amefunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kuchimba kisima. Hakunisalimia. Akafungua boneti, akashika kipande cha neti kilichobaki kushoto, akakifuata kwa kidole. Kilipita juu ya taa. Kikaingia kwenye tundu lililo mbele ya gari, jeusi, kama pua. Ndani ya tundu kikaendelea.

Akavuta. Ikaja. Akavuta tena. Ikaja, nyeusi, ndefu, haina mwisho, kama yule mtu wa mazingaombwe anayetoa vitambaa mdomoni. Kisha ikakwama. Wifi akafungua boksi la plastiki ambamo hukaa filta ya hewa, akanikodolea macho, akaniita kwa kidole.

Filta haikuonekana. Ilikuwa imevaa neti. Imejiviringa shela yangu yote, na juu yake tepe mbili za waridi, na yale maua tuliyorushiwa tukitoka ukumbini, yamekauka, na kipande cha puto. Harusi nzima ilikuwa mle ndani! Kila nilipokanyaga mafuta Mpambe alivuta hewa, na kila alipovuta hewa alimeza mapambo. Turbo haikuwa imekufa. Ilikuwa inasukuma, lakini haina cha kusukuma.

Wifi akasema, haya, wifi yangu, mwizi huyu hapa, mpeleke polisi. Tukatazamana. Nikaanza kucheka mimi. Akajizuia, akashindwa, tukacheka hadi tukakaa chini, mama mkwe akaja kuuliza nani amekufa.

Fundi Uhakika akaleta filta mpya. Akasema alikuwa na wasiwasi na hewa tangu mwanzo, uhakika. Wifi akamkabidhi ile shela nyeusi.

Na kisha! Tukaenda mlimani, mimi na wifi. Mwanzo wa mwinuko nikakanyaga. Kimya kidogo, kisha mlio mwembamba kama wa mtu anayepiga mluzi kwa mbali, na kiti kikanisukuma mgongoni. Mpambe akapanda! Gia ya tatu! Mtu wa baiskeli alikuwa pale, nikampita, akavua kofia. Tulifika kona ya kwanza bila moshi wowote, bonde lote chini yetu, nami nikasikia kile nilichokisikia siku ile uwanjani aliponiambia, usiogope, achia klachi taratibu, nipo.

Wifi akanishika bega. Akauliza, kesho aache pikapu apande nami? Nikamwambia kesho nitakwenda na mama, nimeshamwahidi. Akasema sawa, lakini uende hivi hivi, wifi, gari likiwa tupu kama lilivyo, usiongeze hata uzi. Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa ni jioni. Nimemtazama Mpambe uani. Mbele yuko wazi. Hana shela. Anaonekana kama gari la mtu yeyote anayekwenda popote.

Mume wangu atafungua nini?

Yeye aliapa. Nitamfikishaje mbele ya geti, mbele ya wenzake wote, kisha nimwambie kiapo chako nimekitoa kwenye filta?

Lakini mimi si mjinga. Nimejifunza. Tatizo la neti ni kwamba inaingia. Basi nahitaji kitambaa kisichoweza kuingia. Nimekumbuka satini nyeupe ya meza yetu ya harusi, nzito, pana. Nimeifunga mbele ya Mpambe yote, kutoka taa hadi taa, nikaikaza kwa kamba hadi ikawa kama ngozi ya ngoma. Nimeigonga kwa kidole, inalia. Hata nzi hapiti. Katikati nimeweka ua.

Hakuna kitakachoingia tena kwenye pua ile. Hakuna chochote!

Kesho, mpenzi. Kesho!


Jumamosi, tarehe 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulitoka mapema. Mama mkwe nyuma, amevaa ushungi wake mzuri, keki kwenye boksi mapajani. (Keki sasa ni ukubwa wa sabuni ya kuogea. Alikuwa anahakikisha.) Mimi nimevaa gauni la kijani analolipenda. Watu walisimama kututazama. Muuza nyanya alinipa hongera ya nne.

Mwanzo wa mwinuko, nikakanyaga. Nikasubiri mluzi.

Haukuja.

Moshi ukaja. Mweusi, mnene, kuliko wa Jumatatu. Tukapanda kwa gia ya kwanza, taratibu, taratibu, nikawa nasoma kila jiwe la pembeni. Kona ya kwanza. Mshale wa joto ukapanda vizuri kuliko sisi. Kona ya pili. Mama mkwe akasema gari linakoroma. Pikapu ya kambi ikatokea nyuma, imejaa ndugu za watu, ikapiga honi, ikatupita. Wifi alikuwa nyuma, amekaa juu ya gunia. Aliona satini. Alifumba macho kama mtu anayeomba subira.

Wakasimama mbele. Akashuka dereva, akasema kuna nafasi ya wawili, tupande. Mama mkwe akanitazama. Nikasema asante, kaka yangu, tumekaribia, anapumzika tu. Wifi akapiga kelele kutoka juu ya gunia: fungua hiyo ngoma! Nikajifanya sikusikia. Pikapu ikaondoka.

Kona ya tatu Mpambe akasimama kabisa. Mvuke ukatoka chini ya boneti, mweupe, na moshi nyuma, mweusi.

Na pale, mpenzi, pale ndipo unapoonekana mlima wa pili, na kambi. Bonde moja tu katikati yetu. Nikaona mabati ya stoo. Nikaona geti. Nyuma ya stoo nikaona kitu kimesimama juu kidogo kuliko vitu vingine, na nikajua ni mtu juu ya pipa.

Simu ikalia.

Akasema, nakuona. Akasema aliona moshi kwanza, kisha gari, kisha kitu cha kijani, akajua. Nikamwambia apunge mkono. Akavua kofia yake ya kazi, ya njano, akaipunga. Kidoa cha njano, kama punje ya hindi, kinakwenda kulia, kinakwenda kushoto. Nikavua mtandio, nikaupunga mpaka bega likauma. Nikamwambia nasubiri gari lipoe, nakuja sasa hivi. Akasema, njoo, nimeshafua shuka. Nilipunga tu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya Mpambe, anajipepea. Joto lilimzidi, akautoa ushungi puani, akavuta pumzi ndefu. Akasema taratibu, mwanangu, hata mimi nikifungwa uso namna hii nisingepanda. Nikamwambia pole, mama, keti kivulini.

Kisha king'ora cha kambi kikalia. Saa sita. Nikaona geti la wageni likifungwa, mlango mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayefunga kitabu. Kidoa cha njano kikakaa juu ya pipa kitambo. Kisha kikashuka.

Tulikula keki pale pale, mimi na mama. Ilikuwa bado tamu. Hilo liliniuma zaidi.

Kushuka, Mpambe alikuwa mwepesi kama unyoya. Kwenda mbali naye hakuhitaji turbo.


Jumapili, tarehe 8 Machi

Wifi amekuja kutoka sokoni moja kwa moja. Amemwona! Amekaa naye, amekunywa naye chai, na amethubutu kuniambia kwamba amepungua kidogo na kwamba ndevu zinampendeza. Ndevu! Mume wangu ana ndevu na mimi sizijui! Nilitaka kumchukia wifi, nikamshika mikono badala yake, nikamwambia anieleze tena, zimeanzia wapi, zimeishia wapi.

Ameniletea vitu viwili kutoka kwake.

Cha kwanza ni maneno. Wifi aliyasema amesimama, kama mtoto aliyetumwa dukani. Mume wangu amesema hivi: mwambie mke wangu nampa ruhusa, afungue mapambo yote kwa mkono wake, kiapo nimekitimiza kwa mdomo, nilitaka kumwambia tangu Jumatano mtandao ukakatika. Avue kila kitu mbele ya gari, aje kama alivyo. Wifi akaongeza la kwake, kwamba hata mbuzi angekuwa ameshaelewa.

Nimelia. Yupo mwanamume mwingine kama huyu? Anaona nataabika, anajinyima furaha yake, anasema basi, nisifungue mimi, afungue yeye. Kwa ajili yangu! Na mimi niwe mke wa aina gani, nikubali ajinyime? Hapana. Mtu mwenye moyo kama huo anastahili gari lililopambwa hadi chini.

Cha pili ni zawadi. Mlimani hakuna maduka, kwa hiyo amekata utepe wa njano na nyeusi, ule wanaozungushia mashimo watu wasitumbukie, akaukunja ukawa ua. Una maandishi ya HATARI, USIPITE. Nimeuweka chini ya mto, upande wake wa kitanda. Kisha nikautoa, nikaupeleka uani, nikamfungia Mpambe katikati ya pua. Umempendeza!

Nimekaa mbele yake mchana kutwa, natafakari, kwa sababu Jumamosi ya mwisho ni tarehe 28 na safari hii sikosei. Nimelitazama tatizo kama fundi. Satini ilikuwa nzito mno. Ilimziba. Alikosa hewa, na bila hewa turbo haina la kufanya, hilo sasa nalijua kuliko Fundi Uhakika. Kinachotakiwa ni kitambaa chepesi. Kinachopitisha hewa. Chenye matundu madogo madogo, kinachoanguka vizuri, cheupe, kirefu, cha kufika kwenye namba ya gari...

Neti!

Sijui kwa nini sikuliwaza mapema. Kesho nanunua. Nitachukua ndefu maradufu, maana ile ya kwanza ilikuwa fupi, iliisha haraka.

Taa ya mnara imeshaanza kuwaka. Inawaka, inazima. Nimeipungia mikono yote miwili, na mama mkwe hakuuliza, alipunga na yeye. Mume wangu, usinyoe ndevu. Shuka ulizofua zikunje uziweke. Panda juu ya pipa utazame barabara, utaona cheupe kinapanda, kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mbele ya geti lako.